Namatete Haipo Kwenye Ramani

Mradi wa karanga wa serikali ya kikoloni ulipovunjika, ofisi moja ya Nachingwea ilitangaza kuwa sisi tuliohamishwa kuupisha tunaweza kuomba kurudi kwenye ardhi yetu. Mbele yangu kwenye mstari alisimama mama mmoja mjane.

"Unaomba wapi, mama?" aliuliza karani, mtu wa pwani.

"Namatete."

Karani alipitisha kidole kwenye ramani. "Hakuna. Jina hilo maana yake nini?"

"Palikuwa na kijito, kimejaa matete. Wazee wetu Wamwera wakapaita hivyo. Trekta zilipokuja zikayang'oa yote."

"Basi, hapo penye kijito sasa ni Shamba Namba Tisa. Weka dole gumba hapa."

Mama aliutazama wino, akakunja vidole. "Mume wangu sikumzika kwenye namba, mwanangu," alisema taratibu, akatoka. Hakurudi tena, na kipande chake akapewa mtu mwingine.

Nasikia watu wakisema jina hufa wenyeji wakilisahau. Mimi sikulisahau. Nilizaliwa Namatete. Lakini zamu yangu ilipofika na karani akaniuliza naomba wapi, nilijibu upesi, "Namba Tisa," naye akanisifu kuwa ni mtu mwelewa.