Walidhani Nakimbilia Matanga

Nilipoambiwa nina ugonjwa wa sukari, mama mkwe alikataa. Ati huo ni ugonjwa wa wazee wenye pensheni, si wa msichana anayenyonyesha. Akanisongea obusuma, ugali mkubwa kama kichwa cha ng'ombe, ili nipate nguvu. Nilipomega robo tu, akauliza kama kwetu nilifunzwa kudharau mikono ya watu.

Sikuwa na haja ya kubishana. Mama yangu mzazi alikatwa mguu kwa sababu ya sukari hiyo hiyo, na mwaka haukuisha tukamzika. Mimi nina watoto wawili, na wa mwisho hata kutembea hajui. Sista wa kliniki alisema nimeze dawa, nipunguze ugali, nikimbie. Nikaanza kukimbia.

Wiki mbili nilizunguka nyumba, kuku wakinifuata wakidhani nimebeba mahindi. Wiki ya tatu nikajiona mwanariadha. Nikafunga leso juu ya rinda, nikatoka getini asubuhi mapema, mbio, kuelekea upande wa msitu wa Isecheno.

Sasa, huku kwetu mwanamke aliyeolewa hakimbiangi bure. Akikimbia asubuhi, mtu amekufa mahali. Hilo nimelijua tangu utotoni, na bado nililisahau, mjinga mimi.

Jirani alikuwa akipalilia. Aliponiona nimepita natweta, akatupa jembe, akashika kichwa, "Uuuwi! Uuuwi!" na kunifuata. Aliyekuwa akikamua ng'ombe akaacha ng'ombe. Mwingine akaja na mwiko mkononi. Mimi kusikia nduru nyuma nikadhani ni wezi, nikaongeza mwendo. Wao kuona nimeongeza mwendo, wakajua marehemu ni wa karibu kabisa. Wakazidisha kilio.

Pumzi iliniishia pale wanapopimia miwa. Nikageuka. Wanawake saba, na machozi ya kweli.

"Ni nani, bibi yetu?" jirani akanishika mabega. "Ni mzee? Sema tu."

"Hakuna."

"Hakuna nani?"

"Hakuna aliyekufa. Nafanya mazoezi. Niko na sukari."

Halafu yule wa mwiko akajipangusa macho kwa hasira. "Kwa hivyo mimi nimelilia nani?"

"Nililie mimi," nikamwambia. "Mguu wangu ukikatwa, najua hutakuja mbio hivi."

Jumapili baada ya kanisa, ukoo ukaketi kunijadili. Nilipika mimi, wakanijadili wakila. Mjomba wa mume wangu, ambaye hawezi kufunga kamba za viatu bila kushikilia ukuta, akasema mwili wa mwanamke unatosheka na kazi za nyumbani. Mama mkwe akasema nimeita kifo bomani. Mume wangu akatazama simu. Uamuzi: niache kabisa.

"Siachi," nikasema. "Shida yenu ni leso. Kesho nitavaa suruali ya michezo. Hakuna anayeenda matangani na suruali ya michezo."

Weee! Mama mkwe akaweka chini paja la kuku. "Suruali? Na baba mkwe wako akuone hivyo? Mtoto wa wenyewe, unataka kutulaani?"

Baba mkwe mwenyewe alikuwa pale mlangoni. Aliomba mchuzi.

Jumatatu nikavaa suruali. Nilikuwa nimeamua: wakinirudisha kwetu, nitakimbilia huko, lakini nitakimbia na miguu yote miwili. Sikufika mbali. Kwenye kona nikamkuta baba mkwe mbele yangu, anasukuma baiskeli ya maziwa. Hakuna njia ya pembeni. Ni miwa huku na miwa huku. Nikasimama.

Akaniona. Polepole akageuza baiskeli, akaipa miwa uso wake, karibu majani yamwingie puani.

"Umepita?" akauliza akiwa amenipa mgongo.

"Bado, Baba."

"Sasa unangoja nini? Maziwa yataharibika."

Nikapita.