Waya wa Risasi Tuliokata kwa Meno

Mkono wangu wa kulia ulianguka asubuhi, mbele ya wanawake tisa, nikiwa nazungusha uzi kwenye ndoana. Haukuuma. Ulikunjika tu pale kwenye kifundo ukaning'inia, vidole vikatazama sakafu, na kila nikiuambia unyanyuke haunyanyuki. Msimamizi wetu akaja. Huyo ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Aliushika kwa vidole viwili kama mtu anayeokota panya aliyekufa, akauinua juu, akauachia. Pa, ukapiga meza. Akauinua tena.

"Muangalie, wamama! Mukono ya bibi ya kaka yangu imelewa!"

Wanawake wakacheka. Mimi pia nilicheka, ili asikasirike. Mara ya tatu alitoa simu akarekodi, na kabla ya jioni mama mkwe wangu kule Dadamu alikuwa ameona, mashemeji wote wameona, na mmoja wao akaandika eti nirudie.

Kazi yenyewe ilikuwa kufunga nzi. Si nzi wa chooni. Wazungu wanaokuja kuvua sangara kwenye Nile wana chambo chao cha manyoya, wanakiita nzi, ingawa kinafanana na samaki mdogo. Unabana ndoana kwenye jiliwa dogo lililofungwa mezani. Unaizungushia waya wa risasi, madini yaleyale laini yaliyomo kwenye betri ya gari, mizunguko kumi na tano imegusana, ili chambo kizame mpaka chini sangara anakokaa. Unakata waya. Unafunika kwa uzi na gundi, unatia nywele nyeupe za mkia wa mbuzi, nyuzi mbili tatu za kung'aa, mwisho manyoya ya shingo ya jogoo. Mimi nilifika darasa la tatu tu, lakini mikono yangu ilisoma kuliko mimi. Nilikuwa nafunga nzi arobaini kwa siku na hakuna hata mmoja aliyerudishwa.

Karakana ilikuwa Arua mjini, chumba kimoja nyuma ya duka la mabati. Mwenye mali ni tajiri wa Kampala, anakuja mara moja kwa mwezi, hatoi miwani ya jua hata ndani. Yeye ndiye alileta makasi madogo makali, moja kwa wanawake wawili. Waya wa risasi uliyaharibu. Aliyaona yamepata pengo, akamfokea shemeji yangu mbele yetu mpaka jasho likamtoka. Alipoondoka, shemeji akatugeukia.

"Kuanzia leo makasi iko ya nywele na manyoya. Waya, kata na meno. Meno Mungu alipea nyinyi bure."

Sisi ni watu wa cherehani na mikeka, uzi tunaung'ata tangu utoto. Hatukuona ajabu. Waya ule ni laini, unang'ata mara moja unakatika, na una utamu kidogo, kama ulimi umegusa sukari ya jana. Mimi ndiye nilianzisha kukata vipande kumi kwa pamoja na kuvitunza shavuni, ili mkono usirudi kila mara kwenye kibiringo kilichoviringiwa waya. Wenzangu wakaniiga. Tulikuwa tunaongea mashavu yamevimba, tunachekana. Yeye msimamizi alipotaka kuonyesha mtu jambo alikata waya kwa koleo, koleo lake la mfukoni. Niliona. Nikadhani ni maringo ya mtu aliyemaliza sekondari.

Jirani yangu mezani alikuwa mama wa Vurra, kule mpakani mwa Kongo, ana mimba ya miezi mitano. Ufizi wake ulianza kuota mstari wa bluu kando ya meno. Tulimcheka, na mimi ndiye nilicheka kwa sauti.

"Wewe mama, ulibusu ekzosi ya lori gani huko mpakani?"

"Ya ile inabeba shemeji yako," alinijibu, na yeye alikuwa anacheka.

Wiki mbili baadaye alishika tumbo, akainama, damu ikashuka miguuni mpaka kwenye viatu vyake vya plastiki. Mimba ikatoka. Shemeji yangu alimwaga maji sakafuni, akafagia yeye mwenyewe, akasema mama huyo anabeba madebe mazito nyumbani kwake, kosa ni lake. Kesho yake kiti kile kilikaliwa na mwingine, na mimi ndiye nilimfundisha kung'ata.

Tumbo langu nalo lilikuwa linakaza kama kamba, siku sita siendi chooni. Nilikunywa mwarobaini. Halafu mkono ukaanguka, ile asubuhi niliyosema.

Muuguzi katika hospitali ya misheni alinifunua mdomo, akaangalia ufizi, akauliza nafanya kazi gani. Nikamwambia. Akauliza kama nina kitu chochote cha huko. Nilikuwa nacho. Kila kibiringo kilikuja na karatasi ya Kiingereza ndani ya boksi, na moja niliifungia chumvi kwenye kikapu changu. Karatasi hiyo niliwahi kumpelekea shemeji yangu anisomee. Aliisoma yote, polepole, midomo inacheza. Kisha akasema, "Inasema usiweke kwa mvua."

Muuguzi alikung'uta chumvi, akasoma. Risasi ni sumu. Usitie mdomoni. Nawa mikono kabla ya kula. Mwanamke mwenye mimba asiguse. Alinisomea mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilimwambia amekosea.

Nilirudi karakanani, nikamkuta shemeji mlangoni.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Nikisema, nyinyi mutafanya pole pole," alijibu. "Na tajiri anataka makasi yake."

Hakushtuka. Alikuwa anakula karanga.

Sasa nimerudi kwetu Koboko, kwa dada yangu. Vidole viwili vimeamka, vingine bado. Siwezi kugeuza enyasa, ugali wetu wa muhogo, siwezi kufunga kitambaa kichwani, na nikitoka chooni dada yangu, mtu mzima na wajukuu wake, ananisaidia kuvaa. Juzi shemeji alifika hapa hapa. Wanafungua karakana ya pili, Koboko. Alikaa, akapewa chai, hakuniangalia. Alikuwa anamwangalia binti wa dada yangu.

"Huyu anafaa," alisema. "Iko na meno muzuri."

Binti hatakwenda. Lakini binti wa jirani amekubali, na wa nyumba ya tatu.

Shemeji, nakuandikia wewe kwa mkono wa binti wa dada yangu, na tajiri wako wa miwani asomewe pia. Kosa langu nimelisema, mama wa Vurra nimemfuata mpaka kwake nikamwambia uso kwa uso, akanifukuza, na alikuwa na haki. Wewe umemwambia nini? Ita wazee wa ukoo wa kaka yako hapo Dadamu. Mlete tajiri. Simama mbele ya huyo mama na mbele ya baba zao mabinti hawa wa Koboko, useme ulichosoma kwenye ile karatasi na siku uliyoisoma. Na useme ni nani aliyepima, wewe au tajiri, makasi na mtoto wa watu, akaona makasi ndiyo ghali. Mmoja wenu ajibu.