Ndovu wa Pembe za Kidevuni

Sifa ni zake Mungu, aliyeumba vinavyotembea leo na vilivyotembea kabla babu zetu hawajapewa majina, kisha akavifunika vingine kwa udongo ili nasi tuwe na cha kutafuta. Namshukuru kwa macho haya, ambayo hata sasa yanatofautisha rangi za ziwa asubuhi, na kwa mkono huu ambao unatetemeka kidogo tu. Keti, mwanangu. Hadithi si ndefu, ila mimi huiendea polepole.

Nakumbuka siku moja nikiwa msichana wa miaka ishirini, nimesimama juu ya ngazi mbele ya ukuta wa shule moja huko Karungu, brashi mkononi, nikijiona mrefu kuliko ngazi yenyewe. Nilikuwa nimetoka kwetu Mbita kuja kukaa na dada yangu Akoth, aliyeolewa huko na kuuza samaki ufuoni. Mjomba wetu alichora bendera za makanisa, na kazi hiyo alinifundisha tangu nikiwa mdogo. Huko Karungu nilianza kwa kuandika majina kwenye mbavu za mashua za wavuvi, na kila jina nililichorea ngao na mnyama wa kuilinda. Mvuvi mmoja aliniomba kambare mwenye mabawa. Nikampa kambare mwenye mabawa, naye akawa anaapa kwamba tangu siku hiyo samaki wanaingia wavuni kwa heshima.

Sifa hizo zilimfikia mwalimu mkuu. Shule yake ilitaka nembo kubwa ukutani: ngao katikati, na wanyama wawili wameishika huku na huku. Siku ya wazazi ilikuwa imebaki wiki mbili.

Mnyama wa kwanza hakunisumbua. Alikuwa joka la ziwani la hadithi za bibi yangu, mwenye kichwa cha kiboko, mwili wa nyoka na kishungi cha jogoo. Nilimchora nilivyotaka na hakuna aliyebisha, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukutana naye.

Wa pili ndiye aliyenifundisha adabu. Mwalimu mkuu alitaka ndovu wa kale, yule ambaye mifupa yake hupatikana katika makorongo ya Karungu. Akaniambia, "Kamuulize Mzee Ogola. Yeye ndiye mwenye habari zake."

Mzee Ogola watu walimwita Jachoke, yaani mtu wa mifupa. Ujanani aliwafanyia kazi wataalamu waliokuja kuchimba. Alianza kwa kuwabebea maji, akaishia kuaminiwa kushika brashi ya kufagilia mchanga kwenye mifupa. Wataalamu walipoondoka na masanduku yao, yeye alibaki na habari, na habari hizo zilimletea dhihaka. Alisema kwamba ndovu huyo hakuwa na pembe juu. Pembe zake mbili zilitoka kidevuni, zikapinda kuelekea chini kama majembe. Hapo ufuo mzima ulikuwa ukicheka.

"Jachoke," dada yangu Akoth alizoea kumwambia, "huyo ndovu wako alikuwa akilima mtama ama mahindi?"

"Mahindi hayakuwepo, shemeji," mzee alikuwa akijibu kwa upole, na watu wakazidi kucheka.

Nilipomfuata, alifurahi hata akasahau kunikaribisha kiti. Aliokota kijiti akamchora ndovu wake mchangani, akarudia mara tatu ili nisikosee. Kisha akasema jambo ambalo ningelisikia vizuri kama masikio yangu yangekuwa wazi: "Nyar Mbita, binti wa Mbita, ukimweka ukutani hawatasema tena kwamba nimemtunga."

Nikaitikia kwa heshima, nikarudi kwenye ngazi yangu, nikafanya nilivyoona mimi.

Sikiliza, mwanangu, maana hapa ndipo shetani wa wasanii hukaa. Sikumdharau mzee. Nilimhurumia. Nilijiambia kwamba umri umemchanganya, na kwamba nikichora alivyosema watu watamcheka mbele ya wazazi wote. Afadhali nimsitiri. Tena mjomba alikuwa amenifundisha sheria za ngao: mnyama achorwe ubavu, makucha yote yaonekane, rangi nyangavu isilale juu ya nyangavu mwenzake, na mnyama wa ngao asiinamishe silaha yake, kwa kuwa anayeinamisha silaha ameshindwa. Basi pembe zinazotazama chini zingefanya nini kwenye ngao? Nikaziinua. Nikamsimamisha ndovu kwa miguu ya nyuma, pembe mbili nyeupe zimetoka mdomoni zinaelekea mawinguni. Alipendeza. Nakiri hadi leo kwamba alipendeza.

Siku sita kabla ya sherehe, Mzee Ogola alikuja kutazama. Alivua kofia yake na kusimama mbele ya ukuta.

"Nyar Mbita, huyu ni nani?"

"Ndiye ndovu wako, mzee."

"Wangu hapana. Huyu ni wa kila mtu."

Nikaanza kujieleza, kwamba niliona vibaya watu wamcheke, kwamba ngao ina sheria zake. Alinisikiliza hadi nikaishiwa maneno. Hakupandisha sauti. Alivaa kofia akasema, "Kesho ni Jumapili. Ukitoka kanisani, vaa viatu vigumu unikute kwangu."

Tulitembea karibu saa nzima, yeye mbele na fimbo, mimi nyuma na aibu ambayo bado sikuijua ukubwa wake. Tuliteremka katika korongo moja kavu, udongo wake mwekundu umechanwachanwa na mvua. Alifika kwenye rundo la mawe lililofunikwa matawi ya miiba. Akaondoa matawi, kisha jiwe moja moja, kama mtu anayemfunua mtoto aliyelala.

"Usichimbe. Pitisha kiganja tu."

Nilipiga magoti, nikapitisha kiganja. Lilikuwa taya, rangi yake kama kahawa iliyokaangwa, nusu yake bado imo ardhini. Nililifuata kwa vidole hadi mwisho wa kidevu, na hapo mkono wangu ukashuka wenyewe. Pembe ilitoka kidevuni ikapinda kwenda chini, nene kama mkono wangu, na ncha yake ikaingia mchangani. Nilirudia mara ya pili. Mara ya tatu nilikuwa nalia.

Mzee alinieleza kwamba mvua ilifunua taya hilo baada ya wataalamu kuondoka. Alikuwa amewaahidi kwamba akiona kitu hatakigusa, bali atawaandikia na kungoja. Aliandika. Hakuna jibu lililokuja. Alingoja mwaka, akangoja mingine, na kila baada ya mvua kubwa alikuja kupanga mawe upya.

"Mzee," nikamuuliza, "mbona hukuwaleta hapa wanaokucheka? Siku moja tu wangenyamaza."

"Nikimleta mmoja, keshokutwa watakuja kumi na majembe. Mfupa huu umelala hapa tangu ziwa halijakuwepo. Kicheko ni cha jioni moja, nyathina. Hakivunji mfupa."

Nyathina ni mwanangu, kwa lugha yetu. Kwa neno hilo nilidhani amenisamehe, na kweli alikuwa amenisamehe, lakini alikuwa bado na neno moja. Alilisema akirudisha mawe, bila kunitazama.

"Ulitaka kunisaidia, najua. Lakini Mungu aliziteremsha pembe hizi kwa sababu yake, nawe ukampandishia. Na mimi, wenzako waliniita mwongo kwa midomo, na ya midomo hupita. Wewe umeniandika mwongo kwa rangi ya mafuta."

Nimesikia mahubiri mengi maishani, na mengine niliyahubiri mwenyewe kwa akina mama wa kanisa. Hakuna yaliyonikaa kama neno hilo.

Jumatatu asubuhi nilimwendea mwalimu mkuu kuomba ruhusa ya kumfuta ndovu. Alinitazama kama mtu aliyeombwa abomoe darasa.

"Wazazi wanakuja Ijumaa. Huyu aliyepo ana ubaya gani?"

"Si yeye, mwalimu."

"Na ukikosa kumaliza?"

"Ukuta utakuwa mweupe, nami nitarudi Mbita bila kudai kitu."

Aliguna, akatazama saa yake, akasema nisimpotezee muda. Niliichukua kama ruhusa.

Niliona ugumu nilipokwisha kupaka chokaa. Kuzishusha pembe ni kazi ya dakika, lakini ndovu alionekana amesinzia, na sheria za mjomba zilikuwa zinanipigia kelele kichwani. Nilifuta mara mbili. Siku ya tatu nilifumba macho nikaikumbuka ile pembe ilivyoshuka chini ya kiganja changu, nikajiuliza alizitumia kwa kazi gani. Kuvutia matawi? Kujishikilia kwenye ukingo wa mto? Hapo nikaona. Nilimsogeza ndovu karibu na ngao, nikamwinua kifua, kisha nikashusha zile pembe mbili zikapita juu ya ukingo wa ngao na kuikumbatia. Mwanangu, hakuna simba anayeweza kushika ngao hivyo. Makucha huteleza. Pembe za kidevuni zilikuwa kama zimeumbwa kwa kazi hiyo, na mimi ndiye niliyekuwa nikimnyima mnyama kazi yake.

Ijumaa rangi ilikuwa bado inanuka. Mwalimu mkuu alivuta pazia lililofunika mchoro. Kisha nikasikia sauti ya dada yangu mwenyewe.

"Woi, Jachoke ameuza ndovu wake kwa shule. Mwalimu, sasa mmepata wa kulima shamba la shule."

Uwanja ukacheka hadi mbuzi wakakimbia. Mzee mmoja akaniuliza kwa sauti, "Wewe msichana, huyu ulimwona wapi?"

Mzee Ogola alikuwa ameketi mstari wa mbele. Aligeuza shingo kunitazama. Nilikuwa na jibu mdomoni, mwanangu, jibu ambalo lingewanyamazisha wote kwa neno moja: korongoni. Lingemsafisha mzee, na mimi pia. Nami nilijua kwamba kabla jua halijatua majembe yangekuwa njiani.

"Sikumwona akitembea," nikasema. "Lakini ndivyo alivyoumbwa."

Wakacheka zaidi. Siku hiyo nilipata jina jipya, Nyar Jachoke, binti wa mtu wa mifupa, na dada yangu alihakikisha linafika sokoni kabla yangu. Nilitazama mstari wa mbele, nikamwona mzee ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka pamoja nao, tena kwa furaha kuliko wote, kwa sababu sasa walikuwa wawili wanaochekwa, na mzigo wa wawili, kama tunavyojua, ni mwepesi.

Subira huvuta heri, japo nyakati nyingine heri huja kwa baiskeli iliyopasuka gurudumu. Kiangazi cha tatu gari lilisimama shuleni, wakashuka wataalamu wawili na barua mkononi, imekunjwa hadi mikunjo imetoboka. Ilikuwa barua ya Mzee Ogola. Walifanya kazi korongoni siku tisa, na siku waliyolitoa taya, mwalimu mkuu aliomba lipitie shuleni kwanza. Waliliweka sandukuni chini ya ule ukuta, likiwa limelala kwenye nyasi kavu. Karungu nzima ikaja. Watu walitazama sandukuni, wakatazama ukutani, wakatazama tena sandukuni.

Dada yangu ndiye aliyetangulia. "Kumbe kweli alilima," akasema, na safari hii alimvutia Jachoke kiti mwenyewe.

Mzee hakukaa. Aliinama juu ya taya, akapima pembe kwa shubiri zake, akanyanyua macho ukutani, akapima tena. Kisha akaniita mbele ya watu wote.

"Nyar Jachoke. Hii ya kushoto umeifupisha kidole kimoja. Leta ngazi."

Nikaleta ngazi. Ule ndio wakati niliofurahi kuliko yote katika kazi yangu, kusahihishwa hadharani na mtu aliyekuwa sahihi.

Nakuambia haya kwa sababu mjukuu wangu alinionyesha juzi, kwenye simu, nembo aliyochorea timu ya mpira ya Isebania. Ameweka joka lenye mabawa, na karibu yake mnyama wa kale mwenye meno kama panga. Nikamuuliza kama mnyama huyo alikula nyama. Akacheka, akasema, "Sijui, dani," yaani bibi, "lakini anatisha." Sikumkaripia. Nimemwambia tutaketi siku moja.

Ushauri wangu ni huu, mwanangu. Joka la hadithi mpambe upendavyo. Bibi zetu walituachia ili tucheze naye. Lakini aliyeumbwa na Mungu, awe mnyama au jirani yako, usimsahihishe kabla hujampitishia kiganja. Kuuliza si ujinga, lakini kuuliza kisha kufanya lako ni kiburi kilichovaa adabu. Uangalie sana wema wako pia, maana ulaghai wangu mkubwa niliufanya nikidhani ninamsitiri mtu. Na ikikupasa kuchekwa kwa ajili ya kweli uliyoaminiwa, kaa mstari wa mbele, ucheke nao.

Mungu aliyezikumbuka pembe zilizosahauliwa na kila mtu akukumbuke wewe unayenisikiliza. Akupe mzee wa kukurekebisha ungali kijana, mikono inayogusa kwanza kabla ya kuchora, na rangi isiyoisha kabla ya kazi. Nyumba yako isikose kicheko, na kila kilichofunikwa kwako kwa heri kifunuliwe kwa wakati wake. Amina.