Siku Nilibeba Bisikiti ku Mugongo Mupaka ku Ubatizo

Bandugu, hii habari nitaieleza miye mwenyewe, Mama Neema, juu huku Nchelenge, Zambia, kila mutu anaieleza namna yake, na ile yenye ilifika Mununga inasema kama nilipeleka imbwa kubatizwa kwa makusudi ili itoke mapepo. Hapana. Miye sikubatizisha imbwa. Nilifanya kitu ya haya kupita ile, na mupaka lelo nikipita ku soko bamama ya samaki banajifunika kinywa na kitenge banacheka, na miye nacheka nabo, nitafanya nini?

Kwanza mumujue Mama Bijou. Wakati tulikimbia toka Pweto, upande wa Kongo, nikapita kambi ya Kenani na batoto yangu babili na sufuria moja bila kifuniko, njo yeye alinipokea hapa. Hakuwa ndugu yangu, hata kabila yetu haiko moja, alinisikia tu nasema Swahili kando ya mitumbwi akaniuliza, "Mutoto yangu, mulikula?" Ile siku tulikula kwake, na kesho yake pia, na kisha akanifundisha kuuza chisense, tule tusamaki tudogo twa ziwa: namna ya kutuanika, namna ya kupepeta muchanga, namna ya kuongea na bateja ba Bemba bila kugombana. Miaka yote ile hakuniomba kitu. (Hata chumvi hakuomba, na shiye Bakongomani tunaombana chumvi kila siku ya Mungu.)

Alafu macho yake ikaanza kufunikwa na utando. Bakamuita Lubumbashi kumupasua, akae kule wiki tatu nzima, na njo sasa akaniomba kitu moja tu: nimulindie Bisikiti.

Bisikiti ni imbwa ya Kifaransa, ile fupi yenye kifua, masikio imesimama, uso imeingia ndani, pua karibu hakuna, mukia hakuna kabisa, na ikilala inakoroma kushinda shemeji yangu, na ule shemeji, jirani banagongaka ukuta juu ya kukoroma kwake. Batu ya huku banaichekelea, banauliza ni mulango gani iliipiga. Lakini ile imbwa ilikuwa ya Nadine, binti ya Mama Bijou, mwenye alikufa kule Lubumbashi. Mama alienda ku matanga, akarudi na kile kiumbe mu makwapa, hakuleta kitu ingine ya mutoto yake. Asubuhi anaisalimia yeye mbele ya kusalimia mutu yeyote. Kwa hiyo munaelewa kitu gani alitia mu mikono yangu.

Akaniandikia karatasi, pande zote mbili. Chakula yake ni ile ya mufuko, kikombe kimoja asubuhi na kimoja magaribi, basi. Bukari, ule ugali yetu, hapana. Samaki ya chumvi hapana kabisa. Kutembea ni asubuhi mapema, mbele jua haijapanda. Kamba mu shingo hapana, avae ule mukaba wa kifua. Mikunjo ya uso kupanguza kila siku na kitambaa kikavu, isioze. Nilisoma mara moja, nikakunja, nikaingiza mu kabati chini ya masahani, nikasema, "Ndiyo mama, kaa na amani, imbwa ninazijua." Imbwa gani ninajua miye? Zile za kambi ya bavuvi ya Chisenga, zenye zinakula matumbo ya samaki na kujitibu zenyewe! (Na imbwa gani tena inaandikiwa barua, njo nilijisemea mu roho.)

Bon. Siku mbili nilifuata. Siku ya tatu, saa sita, niko nasonga bukari, Bisikiti akakuja kukaa ku mulango. Hakulia, hakuomba, alinitazama tu na yale macho kubwa. Sasa mutu mwenye alilelewa muzuri, mugeni anakaa ku mulango wako na weye unapika, na unamupatia tule tumawe tukavu twa mu mufuko? Haya haikushiki? Nikachukua tonge moja, kadogo tu, nikachovya mu supu ya chisense, nikamupatia. Alitikisa matako yote juu mukia hana. Ile tonge moja njo ilinimaliza.

Kesho ikawa mbili. Kesho kutwa akapata sahani yake. Mama Bijou alimufundisha kukaa chini na kungoja mupaka asikie "kula," lakini kwangu njo yeye alinifundisha: akikohoa kidogo, miye nasimama kuongeza mboga. Ile kikombe ya kupimia nikaanza kunywea chai. Wiki mbili kupita, Bisikiti akawa muviringo, anapumua kwa nguvu hata akikaa, na ule mukaba wa kifua nilivuta, nikapiga goti, nikavuta tena, haukufunga. Miye nikasema, afadhali, Mama atakuta ananenepa, atajua nilimutunza.

Sasa ile jumapili, siku ya Mungu, ilikuwa ubatizo wa ziwani. Kanisa yote inashuka ku maji, Bakongomani na Bemba pamoja, na hakuna mutu anabaki nyumba. Nikafikiri: nitaacha hii imbwa peke yake mu nyumba ya mabati? Huruma ikanishika. Kutembea naye, mukaba haufungi. Kamba mu shingo, Mama alikataza (muone sasa, ile moja niliheshimu, hata nilijisifu). Basi nikavaa kitenge yangu mupya, nikapanga wigi yangu muzuri, nikainama, nikamutupa Bisikiti ku mugongo, nikamufunga na kitenge ya pili, juu kabisa mupaka masikio, vile tunabebaka batoto. Saa ine ya asubuhi, jua kali, na miye natembea na madaha.

Mu njia mama moja wa Kibemba akanisogelea na tabasamu, anataka kuona mutoto. Nikasema analala. Akafunua kidogo. "Mayo!" akapiga kelele, akarudi nyuma mupaka akakanyaga miguu ya mume wake. Nilicheka peke yangu njia yote. Mugongo yangu ilikuwa inalowana na nikafikiri ni jasho yangu, kumbe ni mate ya imbwa yenye inaungua pole pole.

Tulipofika ku maji, Pasta alikuwa tayari ndani mupaka kiuno, na kando yake Baba Musonda, mutafsiri wetu. Ni muzee Mubemba mwenye alijifunza Swahili mu biashara ya samaki. Wakati moja aliruka sehemu ya mahubiri, Bemba bakalalamika kama banafichwa neno, na Pasta akamuagiza asiache kitu hata moja. Tangu pale Baba Musonda haachi. Kila kitu inasemwa kwa Swahili, yeye anairudisha kwa Bemba na sauti kubwa, hata tangazo la funguo iliyopotea.

Njo pale nikasikia ku mugongo pumzi inakwaruza, kama pampu yenye inavuta hewa bila maji. Nikafungua kitenge. Bandugu! Ulimi inatoka nje yote, rangi ya zambarau, macho inageuka, miguu haisimami. Niliona Mama Bijou mbele yangu, niliona hata Nadine mwenye sikumujua. Na kichwa yangu ikanipatia shauri moja tu: maji. Maji iko hapa, baridi, imbwa yote inajua kuogelea, za Chisenga zinatoka mutumbwi moja zinaingia ingine. Nikapita pembeni ya foleni ya kubatizwa, nikaingia mupaka magoti, nikaendelea mupaka kiuno, nikamuachilia.

Haikuogelea. Haikujaribu hata. Ilienda chini moja kwa moja, kichwa mbele.

"Imbwa inazama!" njo nilipiga kelele.

"Imbwa yaibila!" Baba Musonda akatafsiri, sauti ile ile.

Nikajirusha. Na miye, mutu wa ziwa, sijui kuogelea. Nilivuka hii ziwa ya Mweru macho ikifungwa, katikati ya mutumbwi, nashika batoto. Nikakanyaga mahali hakuna chini, nikanywa maji, wigi ikatoka ikaenda zake. Muvuvi moja akaiona inaelea, akaruka toka mutumbwi yake, akaishika, akaipandisha juu na mikono mbili: "Nilimupata! Nilimupata!" Batu bakapiga makofi. Kisha bakaangalia vizuri: ni wigi.

Mwenye alimupata kweli ni Pasta. Alikuwa anashika kichwa ya Baba Kalunga, ule mukubwa anauzaka makala, akamuachilia katikati, akazama na nguo yake nyeupe, akatoka na Bisikiti mu mukono moja, na mukono ingine akanivuta miye ku kola. Baba Kalunga akasimama anakohoa, anauliza, "Iliisha? Nilibatizwa ao bado?"

Bakatulaza bote babili ku muchanga. Pale akakuja mbio binti moja, viatu mu mukono, Ba Chanda (ile "Ba" ni heshima ya Kibemba), anatumikaka mu biro ya mifugo na alikuja juu ya ubatizo wa mama yake. Akamushika Bisikiti kichwa chini, maji ikatoka mu kinywa, akasafisha koo na kidole, akaomba kivuli. Bamama bane bakasimama na bitenge juu yake kufanya hema. Akaomba bitambaa ya kulowanisha tumbo na miguu, akaomba batu bapepee, na bale ba kubatizwa, bangali banatiririka maji, bakapepea na bitabu ya nyimbo. Kisha akanigeukia na Baba Musonda akatafsiri: "Anauliza, ilikula nini?"

Na miye, bandugu, ninyi munanijua, nikasema, "Chakula yake ya mufuko tu. Kikombe kimoja."

Baba Musonda akairudisha kwa Bemba muzuri sana, na Bisikiti pale pale akatapika. Bukari. Tonge nzima nzima, na chisense juu yake, vichwa vyote, unaweza kuhesabu. Mama moja nyuma akasema, "Ile ni chisense ya Mama Neema, ninajua vile anakaushaka."

Nikapiga magoti. Nikasema yote: nilidanganya, nilimulisha bukari, niliweka karatasi chini ya masahani, nilisema ninajua imbwa na sijui, mutu mwenye alinipokea wakati sina kitu aliniomba kitu moja na miye niliua ile kitu moja. Kila sentensi, Baba Musonda nyuma yangu, neno kwa neno, mupaka ufuko wote ukajua kwa lugha mbili. Nilipoanza kulia na sina tena maneno, akangoja kidogo, kisha akasema "Alelila," yaani analia.

Hakuna mutu alicheka. Pasta akaweka mukono yenye maji ku kichwa ya Bisikiti, na mukono ingine kwangu, na nikasikia batu nyuma banaomba, benye Swahili kwa Swahili, benye Bemba kwa Bemba. Kwa imbwa! Dakika nyingi. Kisha Bisikiti akafungua jicho moja, akapiga chafya mu uso ya Ba Chanda, akaanza kupumua ile mupumuo yake mubaya, muzuri.

Ba Chanda alikuja nyumbani kila asubuhi wiki nzima na hakukubali hata samaki moja. Alinieleza pole pole: ile pua fupi haiwezi kupoza mwili, joto kidogo inaiua, unene unaibana pumzi, kichwa nzito na miguu fupi inaizamisha mu maji, na chumvi ya samaki inaichoma ndani. "Karatasi yote iliandikwa na mutu mwenye anaipenda," akasema. Nilimuheshimu ule binti kama mama.

Lakini ile siku ya ziwa kulibaki simu. Nilijua habari itavuka mupaka wa Kongo mbele yangu, kwa hiyo nilipiga miye, nguo ingali na maji. Mama Bijou alikuwa ku kitanda, macho yote mbili imefungwa bandeji. Nikaeleza bila kuruka kitu, tonge ya kwanza mupaka matapishi.

"Weye haujui kuogelea," akasema.

"Sijui, mama."

"Na uliingia."

"Niliingia, mama. Ilikuwa ya Nadine."

Nikasikia anavuta pumzi. "Mutoto yangu, na weye? Ulitoka muzima? Kifua haikuumi? Ulivaa nguo kavu?" Alikuwa bado hajauliza imbwa. Nikalia tena, na yeye akanigombeza juu ya kulia, akasema, "Nadine nilishamuzika. Nizike tena na weye juu ya imbwa? Nenda uvae nguo kavu kwanza, kisha utaniambia Bisikiti analala namna gani."

Alirudi na macho mupya, anaona mupaka kule visiwani, na kitu ya kwanza aliona ni kama Bisikiti alipungua na miye nilikonda kwa woga. Alicheka mupaka akashika ukuta. Ninamushukuru Mungu, ninamushukuru Pasta na Ba Chanda na bale bamama ba bitenge, na hata Baba Musonda, juu kama hakutafsiri ningepata namna ya kupunguza uongo yangu. Na ninaapa mbele yenu: mutu akinipatia roho ya kulinda na kunieleza namna, nitafuata namna yake mupaka neno ya mwisho, hata kama inanionekania ya ajabu. Na nikiwa sijui, nitasema sijui.