Likizo ya Kusema Ndiyo

Kila nikisikia harufu ya kahawa iliyoungua kidogo, narudi kwenye chumba cha ghorofani katika mji mdogo wa pwani ya Italia, madirisha ya mbao yamefungwa mchana kweupe, nami nimelala juu ya shuka macho kodo, nimekatazwa kutoka. Huko watu wakishakula chakula cha mchana hulala wote. Hata mbwa hulala. Mtoto haruhusiwi kushuka ngazi wala kugusa bahari mpaka chakula kitulie tumboni, na nyanya wa rafiki yangu Lina, ajuza wa nguo nyeusi, aliweka kiti chake mlangoni kabisa kuhakikisha hatutoroki. Mimi nilitoka kijiji cha Ziwa, upande wa Eldoret nchini Kenya, ambako mtoto anayelala mchana ama ni mgonjwa ama ni mvivu. Basi nililala pale, si mgonjwa si mvivu, nikisikiliza mawimbi na kujiuliza ni nani anayefungulia ndama wetu.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi hivi. Uhuru ulikuwa umeshakuja, na wazungu wa wilaya yetu ya Uasin Gishu walikuwa wakiuza mashamba yao mmoja baada ya mwingine. Baba alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la ngano la Mwitaliano mmoja, na yeye na wenzake walikuwa wameungana ili walinunue shamba hilo hilo walilolilima miaka yote. Bwana alikuwa amekubali kwa mdomo, lakini sahihi zilikuwa bado. Katikati ya mambo hayo mke wake, tuliyemwita Memsabu, akaja kwetu kuniazima. Neno lenyewe lilikuwa hilo, kuniazima, kama vile watu wanavyoazimana ungo. Alikuwa akienda likizo kwao na binti yake Lina, ambaye alikataa katakata kusafiri bila mimi. Lina alikuwa rika langu. Alizaliwa Eldoret, akatambaa pamoja nami jikoni alimopika mama, akanywa mursik kwetu, maziwa ya mgando yaliyotiwa mkaa, mpaka yakamwachia masharubu meusi. Baba angekataaje? Siku ya kuondoka alinivuta kando ya trekta akaniambia, "Jebet, usiniaibishe huko. Ukipewa kitu, pokea. Ukiulizwa kama ni kizuri, sema ndiyo. Ukimuudhi Memsabu, hatuna shamba."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami sikutaka kuvunjika. Nilisema ndiyo tangu siku ya kwanza. Asubuhi tulikaa ufukweni chini ya miavuli iliyopangwa safu safu, kila familia na mwavuli wake, na ole wako ukanyage mchanga wa jirani. Bahari ilikuwa kubwa lakini sisi tulikuwa na kipande cha kutosha kutandaza kanga mbili. Wanawake walikuja kunishika nywele bila hata salamu. Mmoja alilowesha kidole akanisugua shavu aone kama rangi itatoka. Memsabu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuagizia chai na kuni, akaniuliza, "Jebet, wewe napenda hapa?" Nikatazama vidole vya miguu yangu, nikasema, "Ndiyo, Memsabu."

Halafu zikaanza safari za kutembezwa. Karibu kila siku tuliamshwa mapema, tukavalishwa viatu vilivyobana, tukapandishwa basi kwenda kuona kitu, na jioni tukarudishwa. Memsabu alinishika kifundo cha mkono kutwa nzima asije akanipoteza. Siku moja tulipelekwa kwenye mji uliokufa, nyumba hazina paa, majani yameota sebuleni, na watu walikuwa wamepanga foleni kuingia. Kwetu boma la marehemu huachwa, mtu hupita mbali na hanyooshi hata kidole. Huko walipiga picha wakicheka. Siku nyingine ilikuwa pango la baharini. Ilibidi tulale chali ndani ya mashua ili tupite chini ya mwamba, na tulipoingia nikaona mlango nyuma yetu ukijazwa na wimbi, nikajua nimekwisha. Lakini siku mbaya kuliko zote ilikuwa ile ya kanisa lililojengwa juu ya mlima. Tulikuwa Wakristo wazuri sisi, ibada hatukukosa, ila hakuna aliyeniambia kwamba ndani ya sanduku la kioo, chini ya altare, alikuwa amelazwa mtakatifu mwenyewe, mifupa mitupu, amevalishwa soksi za hariri. Memsabu akainama, uso umejaa furaha, "Mzuri?" Nikasema, "Mzuri sana, Memsabu." Usiku ule nililala nimemshika Lina shati.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba ndiyo zangu zilikuwa zikiwekwa akiba. Kwetu mgeni akisema chakula ni kitamu, amekuamkia tu, hajasema atahamia jikoni. Na mtoto hamwambii mtu mzima hapana. Akikataa, huinamisha macho, na mtu mzima mwenye akili huyasoma macho hayo akamwachia. Memsabu alikuwa ameishi kati yetu tangu ujana wake bila kulijua jambo hilo dogo. Aliyasikia maneno, hakuyaona macho.

Likizo ilipokuwa inakwisha, jioni moja mezani, aliweka uma chini na kusema kwamba hawarudi Eldoret. Bwana angemaliza kuuza shamba kisha awafuate. Hapo hapo Italia ndipo wangeishi. Lina aliacha kutafuna. Kabla hajasema kitu, Memsabu akanigeukia mimi, akanishika mkono kwa upole mwingi, na upole ule ndio ulioniogopesha. "Wewe napenda bahari, napenda kanisa, napenda yote. Wewe nakaa na sisi. Nasoma shule na Lina. Ndiyo?"

Nilimwona mama. Nilimwona waziwazi, amesimama mlangoni na kibuyu mkononi. Kisha nikamwona baba na shamba lake lisilo na sahihi. Nilisikia la mkuu, na bado guu lilikuwa linavunjika. Nikainamisha macho mpaka kidevu kikagusa kifua. "Ndiyo, Memsabu."

Alipiga makofi. Nyanya alinibusu kichwani. Mimi nilikuwa nikitazama kitambaa cha meza, na mbele yangu nikaona mkono wa Lina ukisukuma sahani kando. Ndiyo kwanza asikie kwamba hataiona tena Eldoret, na mtu pekee aliyebakiwa naye kutoka kule nilikuwa mimi. Angenyamaza tu, ningekuwa wake. Akasema kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie, "Mama, hiyo si ndiyo. Mwangalie. Ameangalia chini."

"Yeye amesema ndiyo."

"Kwao mtoto hawezi ambia mtu mkubwa hapana. Hata kwa ile mifupa alisema ndiyo, na usiku alikuwa analia. Yeye anataka mama yake." Kisha akaondoka mezani.

Memsabu aliniinua kidevu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alinitazama machoni, na machozi yalikuwa yakinitiririka mashavuni. Haikuchukua muda akanitafutia mtawa aliyekuwa akirudi misheni ya kwetu, nikarudi naye. Sahihi zilitiwa. Baba alipata sehemu yake ya shamba, na hakuna aliyemuudhi mtu. Siku ya kuagana Lina alikataa kunishika mkono. Alisimama kwenye ngazi, akasema, "Nenda basi," akaingia ndani. Sijamwona tena.

Leo ninaishi Yamumbi, karibu na Eldoret, mwalimu mstaafu, na wajukuu wangu, wanaoniita Kogo, yaani nyanya, wakija wananitazama usoni na kusema, "Kogo, mimi sitaki ugali." Wazazi wao huwauliza kila kitu: shule ipi, viatu vipi, likizo waende wapi. Mimi hugombeza, nasema watoto wa siku hizi wamekosa adabu, na samaki mkunje angali mbichi. Lakini yule mdogo akisema sitaki bila kuinamisha macho, moyoni mimi hufurahi, wala sioni haya kusema hivyo. Ulimi wake ungenifaa sana siku ile. Hata hivyo mimi sina kinyongo na bahari ile. Jioni ile mimi niliulizwa, tena nikapata mtu wa kunijibia. Lina, aliyezaliwa Eldoret kama mimi, hakuna aliyemwuliza.