Mota, Kamba na Mishale Mitatu

Ipo asubuhi moja ya ujana wangu ambayo hata leo nikifumba macho naiona yote. Keti, mwanangu, nikusimulie kabla hujaanza kazi Jumatatu kwenye lile jengo la Donholm. Wajenzi hunyanyua vitu vizito kila siku, na mimi nimewahi kuona kitu kizito kikianguka kwa sababu yangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Tulikaa mtaa wa Jericho, kwenye nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, mimi na mama yangu aliyekuwa akiuza mboga pale sokoni. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ufundi na kupata kazi katika karakana ndogo kwenye eneo la viwanda, upande unaopakana na Mukuru kwa Reuben. Tulitengeneza mota za mashine za kusaga unga. Mwenye karakana alinifanya msimamizi msaidizi kwa sababu chuoni nilikuwa wa kwanza katika fizikia. Ungeniuliza aina za nguvu, ningekutajia zote bila kupumua: uzito, msuguano, mkazo wa kamba, msukumo wa sakafu, mvuto wa sumaku. Kuzitaja nilijua sana. Kuzitambua zikiwa kazini ni jambo jingine, na sikujua kwamba sijui.

Kulikuwa na mzee mmoja wa vibarua, Njoroge, ambaye sote tulimwita Baba Shiru kwa jina la binti yake. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alikuwa akifanya kazi pale tangu kabla sijazaliwa, nadhani, na hakuna siku aliyochelewa.

Sasa asubuhi hiyo tulikuwa na mota ya kupeleka, nzito kama magunia mawili ya mahindi. Kwa kawaida tulizinyanyua kwa mnyororo ulioning'inia kwenye boriti, lakini mnyororo ulikuwa umeharibika na lori lilikuwa tayari langoni. Mota ilikuwa imekaa juu ya mbao. Nikaamua tufunge kamba kutoka nguzo moja hadi nyingine, ipite katikati kwenye ndoano ya mota, kisha tutoe mbao na kusukuma mkokoteni chini yake. Ili mota isishuke ikagonga mkokoteni, nikataka kamba ikazwe mpaka inyooke.

Baba Shiru aliitazama ile kamba, akaigusa kwa kidole. Akaniambia, "Msichana wangu, tufunge juu zaidi kwenye hizi nguzo, kamba iwe na nafasi ya kushuka. Ikinyooka hivi haina raha."

Kufunga juu kulitaka ngazi, na ngazi ilikuwa imeazimwa na majirani. Nilikuwa na haraka. Na niseme ukweli, mwanangu, sikupenda kusahihishwa mbele ya watu na mtu aliyeachia masomo darasa la saba. Nikamwambia, "Kaza, Baba Shiru. Lori linangoja." Akakaza.

Mbao zilitolewa moja baada ya nyingine. Kamba ikalia, ikashika. Baba Shiru akaanza kuingiza mkokoteni. Kufumba na kufumbua, kamba ikakatika kando ya ndoano na mota ikaanguka, ukingo wake ukampata mguuni. Hakupiga kelele. Alikaa chini polepole kama mtu aliyechoka, akaushika mguu wake kwa mikono miwili.

Alipokwisha kupelekwa hospitali, mwenye karakana aliniuliza kilichotokea. Nilimwambia kamba ilikuwa mbovu. Sikuwa nimeitazama hata mara moja. Akauliza ni nani aliyeichagua stoo, nikasema ni Baba Shiru, na hilo lilikuwa kweli. Basi akaamua kwamba mzee alizembea, na kwamba akipona asirudi.

Siku mbili nilikula bila hamu. Mama aliniona. Nilipomweleza, hakunigombeza, alifunga pakiti ya unga na sukari kwenye mfuko akaniambia aliyeumia kazini kwako haendewi kwa niaba, unakwenda mwenyewe.

Nikaenda kwake Mukuru kwa miguu. Mama Shiru, mkewe, alinipokea vizuri, akanipa kiti, akatoka kwenda kwa jirani kuazima majani ya chai. Baba Shiru alikuwa amekaa kitandani, mguu umefungwa plasta mpaka gotini. Nilianza kumpa pole. Alinisikiliza kidogo, kisha akainua mkono.

"Pole nimepewa na watu wengi, Nafula. Ile kamba ilikuwa mpya, niliifungua mwenyewe. Wewe umesoma. Nichoree ni nini kiliikata."

Akanipa daftari la Shiru, penseli na rula. Nikachora. Mwanangu, nilikuwa mchoraji mzuri. Nilichora nguzo mbili, mota na mapezi yake ya kupoza joto, mkokoteni, hata lori langoni. Kisha nikatia mishale kila mahali. Alipolichukua daftari alilisoma kwa muda mrefu kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani, halafu akaanza kuniuliza maswali.

Aliweka kidole kwenye mshale mmoja ulioelekea chini. "Huu ni wa nani?"

Nikasema ni uzito, dunia inaivuta mota.

"Na huu mwingine hapa kando yake?"

"Ni nguvu ya kuanguka."

"Nani anaisukuma ianguke?"

Nikafikiri. Nikasema ni dunia.

"Lakini dunia umeshaichora. Ama ziko mbili?"

Niliufuta. Akahamia mwingine, nikamwambia ule ni mota ikiivuta kamba. Akasema tunatafuta kinachofanyiwa mota, si mota inachofanyia wengine. Nikaufuta huo pia. Vivyo hivyo tukaendelea. Mshale wowote ambao sikuweza kumtaja mwenyewe, yaani kitu kinachovuta au kusukuma, niliufuta. Lori likatoka, mkokoteni ukatoka, nguzo zikatoka. Yeye hakuwa ananifundisha fizikia, mwanangu. Alitaka tu kujua, na alikataa kukubali kitu asichokielewa.

Mwishoni mota ikabaki kisanduku kitupu. Akaniuliza mbao zilipokuwepo, mota iliguswa na nini. Nikasema mbao, zikiisukuma juu. Na zilipotolewa? Nikasema kamba peke yake, kushoto na kulia. Basi nikachora mishale mitatu: uzito kwenda chini, na mivuto miwili ya kamba kuelekea nguzo zake.

Hapo ndipo nilipokumbuka walichotufundisha chuoni, kwamba urefu wa mshale huonyesha ukubwa wa nguvu. Nikamuuliza kamba ilikuwa imeshuka kiasi gani. Alikumbuka vizuri: kutoka nguzo hadi nguzo hatua sita, na katikati ilishuka shibiri moja tu. Kutoka katikati hadi nguzo ni hatua tatu, kama shibiri kumi; maana yake kila kamba ilipopanda sentimita moja, ilikwenda pembeni kama sentimita kumi. Uzito nilikuwa nimeupa sentimita tano. Ili mota isianguke, kamba mbili zilipaswa kupanda jumla ya sentimita tano, kila moja mbili na nusu.

Nikaweka rula na kuanza kuvuta mstari. Mstari ukafika ukingo wa daftari na bado haujapanda hata sentimita moja. Nikaendelea juu ya kitambaa cha plastiki cha meza, penseli ikiteleza, mpaka sentimita ishirini na tano. Upande wa pili vilevile. Nikakaa nikiutazama ule mchoro. Kila upande wa kamba ulikuwa umevutwa mara tano ya uzito wa mota yenyewe, na aliyeamuru hivyo ni mimi.

Baba Shiru akaniambia nichore sasa ile yake, ya kufunga juu. Nikaichora, kamba zikishuka kwa mteremko mkali. Mishale ikatosha yote ndani ya ukurasa, kila mmoja ukilingana na uzito.

Alitikisa kichwa polepole. "Kwa hivyo si kamba."

"Si kamba, Baba Shiru. Ni mimi. Na nilimwambia bosi ni wewe."

Alilichukua daftari akautazama mchoro tena. Mama Shiru aliingia na majani ya chai, akawasha stovu. Baadaye mzee akasema, "Basi ukamwambie na hili pia," akanirudishia daftari.

Kesho yake asubuhi niliweka ule ukurasa mezani kwa mwenye karakana nikamweleza kila mshale. Hakuniamini mara moja. Mnyororo ulikuwa umeshatengenezwa, kwa hiyo, ili aone kama kamba ni mbovu, akaagiza kipande cha kamba ile ile kifungwe wima chini ya ndoano ya mnyororo, na mota nyingine ya uzito uleule ikaning'inizwa. Ikakaa pale mpaka saa ya chakula bila uzi mmoja kukatika. Aliniondoa kwenye usimamizi mwaka mzima, nikabeba mbao na kufagia kama vibarua wengine, na sikuona nimeonewa. Baba Shiru plasta ilipotolewa alirudishwa, akakabidhiwa stoo. Alichechemea tangu siku hiyo.

Tulifanya kazi pamoja miaka kumi na mmoja zaidi. Niliporudishiwa usimamizi, kabla ya kunyanyua chochote nilichora kwa chaki sakafuni, naye akasimama juu ya mchoro akiniuliza mishale hiyo ni ya nani. Hatukuangusha kitu kingine.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukikutana na mzigo, usianze na majina ya nguvu ulizokariri. Chora mzigo peke yake, uwe kisanduku tu. Ukizunguke na kuuliza ni nini kinachougusa. Kikiwa sakafu, kinasukuma, na mzigo ukitaka kuteleza, sakafu hiyo hiyo inasugua kuuzuia. Kikiwa kamba, kinavuta, wala kamba haijawahi kusukuma mtu. Nguvu zisizohitaji kugusa ni chache: ya dunia, ambayo haikosekani, na mara nyingine ya sumaku. Mshale usioweza kumtaja mwenyewe, ufute. Kisha uipe mishale urefu wa haki, maana hapo ndipo utakapoona hatari ikiwa bado kwenye karatasi. Na mtu mwenye mikono yenye sugu akikwambia kamba haina raha, shuka ukamsikilize, hata kama lori linapiga honi. Ukikosea, sema umekosea wewe, na useme mapema, kabla mwingine hajaadhibiwa badala yako.

Una akili nzuri kuliko niliyokuwa nayo mimi, na unaogopa kidogo, jambo ambalo mimi sikuwa nalo. Nenda ukafanye kazi. Mungu wa mama yangu aibariki mikono yako na macho yako, awaongoze wote watakaosimama chini ya unachokinyanyua, na kila jioni mrudi nyumbani kwa miguu yenu mizima.