Kumsindikiza Mpima Maumivu

Mume wangu alilitumikia jeshi la Kanada mpaka gari lao lilipopinduka mazoezini na neva ya shavu lake la kushoto ikaharibika. Tangu hapo, akitafuna, akipiga mswaki au akiguswa na upepo, hupigwa shoti usoni. Ofisi ya wanajeshi wastaafu ikampangia kiwango cha chini kabisa cha ulemavu, kana kwamba ana chunusi. Kingebaki hapo, fidia isingetosha na ingebidi aende kufanya kazi kwenye ghala la nyama iliyogandishwa. Tukakata rufaa, wakaahidi kumtuma nesi nyumbani kwetu Rexdale aje kuyapima maumivu yake.

"Akija, uumwe," nikamwambia.

"Nitaumwa, mke wangu."

Lakini mume wangu ni mtu wa Tanga, akiona mgeni husahau yote. Alinyoa ndevu alizoziacha mwezi mzima, akavaa koti la harusi. Nesi akamuuliza hali. "Nzuri sana, sijui wewe na watoto?" Akaulizwa kama kula kunamsumbua. Akamsogezea sahani ya sambusa, na kwa kuwa mgeni haachwi ale peke yake, naye akatafuna moja. Machozi yakamtoka.

"Pilipili," akamwambia nesi.

Sambusa zile nilizipika mimi, na pilipili haikuwamo. Nilitamani kumfinya.

Nesi akafunga kompyuta, akaaga. Kwetu mgeni haagwi mlangoni. Mume wangu akamsindikiza hadi kwenye lifti, kisha hadi chini, kisha, mimi nikiwakimbilia na skafu, hadi kituo cha basi barabara ya Kipling. Ilikuwa Februari. Upepo ukamvaa shavuni akiwa katikati ya kutuma salamu kwa mama yake nesi. Akaukumbatia mlingoti wa kituo akitetemeka. Basi likaja, likaondoka. Nesi hakupanda.

"Hii humpata mara nyingi?" akaniuliza mimi.

Nilikuwa na hasira na huruma kwa pamoja, nikasema yote: supu anayoivuta kwa mrija, usingizi wa ubavu mmoja, binti yetu aliyezoea kumbusu baba yake kisogoni. Nesi akafungua tena kompyuta yake palepale kwenye baridi. Mume wangu alinisikiliza kwa makini, kama anayepewa habari za jirani.

"Kumbe ninaumwa hivyo," akasema.